Dhahabu ya Singida: Kutoka Sekenke hadi Shimo la Mang'onyi

Mkoa wa Singida unajulikana kwa alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji kuliko kwa madini. Hata hivyo, mgodi wa kwanza wa dhahabu katika nchi ambayo leo ni Tanzania ulianzishwa hapa, Sekenke, katika wilaya ya sasa ya Iramba, mwaka 1909. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwezi Machi 2023, mgodi wa kisasa wa shimo la wazi ulitoa dhahabu yake ya kwanza Mang'onyi, wilayani Ikungi. Mgodi wa Sekenke uliachwa na wenye kampuni, ukafufuliwa, ukaachwa tena, na mwishowe ukawa mikononi mwa wachimbaji wadogo. Mgodi wa Mang'onyi bado ni mchanga, lakini umri wake ulikadiriwa kabla hata ya jiwe la kwanza kulipuliwa. Ukiwekwa kando ya Sekenke, na kando ya migodi mingine ya Tanzania ambayo imekwisha kufungwa, unaonyesha vizuri jinsi mgodi unavyozaliwa, unavyoishi na unavyokufa, na ni nani hubaki na nini siku kampuni inapoondoka.

Mwamba wa kale

Sehemu kubwa ya Singida imekaa juu ya mwamba wa kale sana, ambao wanajiolojia huuita kratoni ya Tanzania. Una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na majabali ya graniti yaliyotapakaa kuuzunguka mji wa Singida ni sehemu yake inayoonekana kwa macho. Katikati ya graniti hiyo imepita mikanda ya mawe ya aina nyingine, yenye rangi ya kijani iliyokolea, yaliyotokana na volkano za kale. Mikanda ya namna hiyo ndiyo iliyobeba dhahabu ya Geita, Kahama na Tarime. Mmoja wao, ukanda wa Iramba na Sekenke, umo ndani ya Singida.

Dhahabu iliingia katika mawe hayo ikiwa imeyeyuka ndani ya maji ya moto yaliyopanda kutoka chini kupitia nyufa. Maji yalipopoa yaliacha jiwe jeupe liitwalo kwazi, na ndani yake chembe za dhahabu. Namna chembe hizo zilivyokaa ndiyo huamua aina ya mgodi. Mshipa mwembamba wenye dhahabu nyingi hufuatwa kwa kuchimba chini kwa chini, na mwamba unaouzunguka huachwa ulipo. Dhahabu iliyo karibu na uso wa ardhi, hata kama ni kidogo na imesambaa, huchimbwa kwa kuondoa kila kilichoko juu yake. Sekenke ilikuwa ya namna ya kwanza. Mang'onyi ilianza kwa namna ya pili.

Sekenke chini ya Wajerumani

Dhahabu ya Sekenke iligunduliwa mwaka 1907, wakati nchi ikiwa koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Eneo lenyewe liko magharibi mwa Iramba, karibu na ukingo ambapo nyanda za juu zinashuka ghafla kwenye mbuga ya Wembere. Msafiri wa leo anayetoka Singida kwenda Nzega na Mwanza anaufahamu ukingo huo kwa jina la mlima Sekenke, wenye mteremko unaoogopwa na madereva wa malori kabla ya kufika Shelui.

Kampuni ya Kijerumani ya Kironda ndiyo iliyoanza uchimbaji mwaka 1909. Wakati huo Singida ilikuwa mbali na kila kitu. Reli ya Kati ilikuwa haijafika Tabora. Ilifika mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo bara lilitegemea migongo ya wapagazi kwa karibu kila mzigo. Ugumu huo pekee unaeleza kwa nini ni mishipa yenye dhahabu nyingi tu iliyokuwa na maana kwa mwekezaji: jiwe la dhahabu kidogo lisingelipa gharama ya kuleta mashine ya kulisaga.

Nguvu kazi ilitoka kwa watu wa eneo hilo na majirani zao. Kodi ya kibanda, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898, iliwalazimisha wanaume kutafuta fedha taslimu, na kazi ya mgodi ilikuwa mojawapo ya njia chache za kuzipata bila kusafiri hadi mashamba ya mkonge ya pwani. Kwa hiyo tangu mwanzo mgodi wa Singida ulikuwa pia shule ya kazi. Watu walijifunza kuutambua mshipa wa kwazi, kuegemeza kuta za shimo kwa matimba, kusaga jiwe na kulisafisha. Ujuzi huo ulibaki vijijini hata baada ya mashine kunyamaza.

Sarafu za Tabora

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza waliziba bahari, na koloni likakatika na Ulaya. Moja ya shida zilizolikumba haraka ni upungufu wa fedha. Askari na wapagazi walitaka kulipwa, wafanyabiashara hawakuziamini noti za dharura zilizochapishwa papo kwa papo, na sarafu mpya kutoka Ujerumani hazikuwa zikifika. Serikali ya gavana Heinrich Schnee, ambayo wakati huo ilikuwa imehamia Tabora, iliamua kutengeneza sarafu zake yenyewe katika karakana ya reli.

Sarafu ndogo za heller zilitengenezwa kwa maganda ya risasi na mabaki mengine ya metali. Kwa sarafu kubwa ilitumika dhahabu ya Sekenke. Mwaka 1916 zilitolewa sarafu 16,198 za rupia 15, sawa na marki 20 za Ujerumani. Upande mmoja ulikuwa na tai wa Ujerumani, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya safu ya milima. Kila sarafu ilikuwa na uzito wa gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ilikuwa dhahabu. Ukizidisha, zote kwa pamoja zilibeba kama kilo 87 za dhahabu safi.

Kiasi hicho si kikubwa kwa kipimo cha migodi ya leo, lakini kinaonyesha mgodi mdogo wa bara uliokuwa umegeuka kuwa hazina ya serikali iliyozingirwa. Mpango wenyewe haukudumu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yaliingia Tabora, na utawala wa Wajerumani mjini humo ukaisha. Leo sarafu za tembo wa Tabora zinauzwa kwa wakusanyaji kwa bei inayozidi sana thamani ya dhahabu iliyomo.

Miaka ya Waingereza na kufifia

Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Uingereza, na mali za Wajerumani zikashikwa kama mali za adui na kuuzwa. Sekenke ilirudi kazini chini ya wamiliki wapya, na mgodi jirani wa Kirondatal nao ukachimbwa. Lakini macho ya watafutaji dhahabu yalikuwa yamehama. Mwaka 1922 dhahabu iligunduliwa katika mto Lupa, Chunya, na maelfu ya watu wakakimbilia huko. Katika miaka ya 1930 mgodi wa Geita ulichukua nafasi ya kwanza.

Miaka hiyo ya 1930 ilikuwa ya neema kwa dhahabu kwa sababu moja kubwa: bei. Uingereza iliacha kufungamanisha fedha yake na dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei rasmi ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Jiwe lililokuwa halina faida likawa na faida bila kubadilika chochote ndani yake. Dhahabu ikawa miongoni mwa bidhaa kuu ambazo Tanganyika iliuza nje, sambamba na mkonge.

Bei hiyohiyo ndiyo iliyoiua migodi baadaye. Dola 35 ilibaki palepale kwa zaidi ya miaka thelathini, wakati mishahara, mafuta na vipuri vilipanda mwaka hadi mwaka. Mishipa rahisi ilikuwa imekwisha, na kufuata iliyobaki kulihitaji mashimo marefu zaidi na pampu kubwa zaidi za kutoa maji. Mgodi mmoja baada ya mwingine ulifungwa. Geita ilisimama mwaka 1966, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 uzalishaji rasmi wa dhahabu Tanzania ulikuwa karibu na sifuri. Sekenke yenyewe ilibaki na mashimo, marundo ya mawe yaliyosagwa na watu waliojua dhahabu ilipo. Hapakuwa na mpango wa kufukia, wala dhamana ya kurekebisha mazingira, wala taasisi iliyopewa jukumu la eneo hilo.

Wachimbaji wadogo

Shughuli za madini za serikali zilikabidhiwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lililoundwa mwaka 1972. Uchumi ulipodorora katika miaka ya 1980, watu wengi wa vijijini waligeukia dhahabu kama njia ya kupata fedha, na sehemu kubwa ya dhahabu hiyo ilivuka mipaka kwa magendo. Mwishoni mwa muongo huo serikali ililegeza masharti, na Benki Kuu ikaanza kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji kwa bei iliyokaribia ya soko. Uchimbaji mdogo ukawa kazi inayotambuliwa.

Huko Singida machimbo ya zamani ya Iramba yalijaa watu tena, na mengine mapya yakafunguliwa, kama Sambaru katika Ikungi na Londoni katika Manyoni. Mpangilio wa kazi katika machimbo hayo una ngazi zake. Juu kabisa yuko mwenye leseni ndogo ya uchimbaji. Chini yake wako wenye maduara, yaani wanaogharimia kila shimo: chakula, matimba, baruti na mafuta ya jenereta. Kisha wako wachimbaji wanaoshuka shimoni, ambao mara nyingi hawalipwi mshahara bali mgawo wa mawe yanayotoka. Wakati duara halitoi, wote wanakula hasara. Nje ya shimo wapo wenye makarasha ya kusagia, wanawake wanaoponda na kuchekecha mawe, mama lishe, madalali na wanunuzi.

Mawe yakishasagwa huoshwa mialoni, yaani kwenye maeneo ya kuoshea, na chembe za dhahabu hunaswa kwa zebaki. Mchanganyiko wa zebaki na dhahabu huchomwa, zebaki ikapaa kama moshi na dhahabu ikabaki. Moshi huo huharibu mishipa ya fahamu na figo, na zebaki inayoanguka kwenye udongo na maji huingia katika samaki na hatimaye kwa walaji. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, lakini bei yake ndogo na urahisi wake vimeifanya isitoweke mialoni. Isitoshe, njia hiyo hunasa sehemu tu ya dhahabu. Mchanga unaobaki, ambao wachimbaji huuita marudio, bado una dhahabu ya kutosha kuuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sianidi. Ndiyo maana marundo ya zamani huchenjuliwa upya kila bei inapopanda.

Mabadiliko makubwa ya karibuni kwa kundi hili yalikuja mwaka 2019. Serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo, na ikafungua masoko ya madini mikoani, Singida ikiwemo. Kabla ya hapo mchimbaji alikuwa na sababu nzuri ya kuficha dhahabu yake. Baada ya hapo tofauti kati ya bei ya soko rasmi na bei ya magendo ilipungua, na kwa mujibu wa Wizara ya Madini mchango wa wachimbaji wadogo katika mapato ya sekta umefikia karibu asilimia 40.

Mgodi wa Mang'onyi

Mgodi mkubwa wa kisasa wa Singida ulianzishwa na kampuni ya Shanta, ambayo tayari ilikuwa ikichimba dhahabu New Luika, katika mkoa wa sasa wa Songwe, tangu mwaka 2012. Eneo lake liko katika vijiji vya wilaya ya Ikungi, kusini mwa mji wa Singida, katika ukanda uleule uliokuwa ukichimbwa na wachimbaji wadogo. Dhahabu ya kwanza ilimiminwa mwishoni mwa Machi 2023. Mwaka uliofuata Shanta yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya ETC Holdings ya Mauritius, na hisa zake zikaondolewa kwenye soko la hisa la London.

Kwa kipimo cha Geita, mgodi huu ni mdogo. Mpango wake wa mwanzo ulikuwa kutoa wastani wa wakia 32,000 kwa mwaka, yaani karibu tani moja ya dhahabu, kwa miaka saba ya kwanza, kutoka mashimo kadhaa yaliyokaribiana, miongoni mwao yale yaliyopewa majina ya Gold Tree, Jem na Vivian. Kila tani ya mbale, yaani mwamba wenye dhahabu, ilikadiriwa kuwa na takriban gramu 3. Kiasi hicho ni kipande kidogo kuliko punje ya hindi, kikiwa kimetawanyika ndani ya tani nzima ya jiwe kama vumbi lisiloonekana kwa macho.

Shimo la wazi linavyochimbwa

Kazi huanza kwa kuondoa udongo wa juu na kuuhifadhi, kwa sababu utahitajika siku ya kurekebisha eneo. Kisha mwamba hutobolewa kwa mashine, matundu hujazwa baruti, na mlipuko huvunja tabaka moja kwa wakati. Shimo hushuka kwa ngazi pana, moja chini ya nyingine, na barabara ya malori huzunguka ukutani hadi chini. Ngazi hizo hazipo kwa ajili ya urahisi tu. Ukuta uliosimama wima kwa makumi ya mita ungeporomoka, kwa hiyo kadiri shimo linavyoshuka ndivyo mdomo wake unavyolazimika kupanuka.

Hapo ndipo penye siri ya umri wa shimo. Kila mita ya kushuka inadai kuondolewa kwa mwamba mtupu zaidi kutoka pembeni. Mwanzoni tani chache za mawe matupu zinatosha kufikia tani moja ya mbale. Baadaye tani hizo huongezeka, hadi siku moja gharama ya kuondoa mawe matupu inazidi thamani ya dhahabu iliyo chini. Shimo husimama hata kama dhahabu bado ipo.

Mbale ikishatolewa hupondwa, husagwa hadi kuwa unga, huchanganywa na maji na kuingizwa katika matangi yenye sianidi. Sianidi huiyeyusha dhahabu. Chembe za mkaa maalumu, ambao aghalabu hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, huinyonya kutoka kwenye maji hayo, na dhahabu hutolewa kwenye mkaa kwa joto, kemikali na umeme kabla ya kuyeyushwa kuwa mikuo. Tope linalobaki hupelekwa kwenye bwawa lililotandikwa chini ili lisivuje. Karibu uzito wote wa mwamba uliosagwa huishia hapo. Bwawa hilo hubaki baada ya kila kitu kingine kuondolewa, na ndilo linalohitaji ulinzi wa muda mrefu kuliko sehemu yoyote ya mgodi.

Hesabu inayoamua maisha ya mgodi

Umri wa miaka saba si umri wa dhahabu iliyoko ardhini; ni umri wa mashapo yaliyopimwa na kuthibitishwa kuwa yanalipa kwa bei na gharama za wakati wa kupima. Vitu hivyo vinabadilika. Wakia moja ni gramu 31.1. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei yake ilikuwa kama dola 280, kwa hiyo tani ya mbale yenye gramu 3 ilikuwa na dhahabu ya kama dola 27. Kwa bei ya dola 2,000, tani hiyohiyo ina dhahabu ya kama dola 193. Mwezi Oktoba 2025 bei ilipita dola 4,000, na thamani ya tani hiyo ikawa zaidi ya dola 385. Bei ya namna hiyo hufanya mwamba uliokuwa ukihesabiwa mtupu uhesabiwe mbale, na huongeza miaka ya mgodi bila kugundua kitu kipya. Bei ikishuka, hesabu hurudi kinyumenyume.

Njia ya pili ya kurefusha umri ni utafiti. Hadi miaka ya karibuni ni takriban asilimia 16 tu ya eneo la Tanzania iliyokuwa imefanyiwa uchunguzi wa kina wa jiofizikia kwa ndege, na serikali imeweka lengo la kufikia asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Ukanda wa Iramba na maeneo ya Ikungi na Manyoni yamechimbwa kwa miaka mingi kwa kufuata mishipa inayoonekana juu. Kilichoko chini ya udongo mzito hakijachunguzwa kwa kiwango hicho.

Njia ya tatu ni kuacha shimo la wazi na kufuata mbale chini kwa chini. Geita ilianza kufanya hivyo mwaka 2016, na New Luika ilifuata njia hiyohiyo. Uchimbaji wa chini unahitaji mbale tajiri zaidi, mafundi wa aina nyingine na mitambo ya kuvuta hewa. Ni uamuzi wa gharama kubwa ambao mgodi mdogo huufanya tu pale mshipa unapothibitika kuendelea kwenda chini.

Kikwazo cha kipekee kwa Singida ni maji. Mkoa uko katika ukanda mkavu wa katikati ya nchi, wenye mvua ya msimu mmoja ambayo sehemu nyingi haifiki milimita 800 kwa mwaka. Kinu cha kusagia mbale hakifanyi kazi bila maji, na visima vinavyokinywesha viko katika ardhi ileile inayonywesha ng'ombe na watu. Migodi ya ukanda huu hulazimika kukusanya maji ya mvua katika mabwawa na kuyarudisha kinuni maji yaliyokwisha kutumika. Kiangazi kirefu kinaweza kupunguza uzalishaji kama vile bei mbaya inavyofanya.

Fedha zinavyogawanywa

Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kila mgodi mkubwa au wa kati, bila kulipia na bila hisa hizo kupungua mtaji unapoongezwa. Juu ya hapo kuna mrahaba wa asilimia 6 wa thamani ya dhahabu na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, mbali na kodi ya mapato ya kampuni. Tangu Oktoba 2024 wazalishaji na wauzaji wa dhahabu wanatakiwa pia kutenga asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kuuzia Benki Kuu, ambayo inajenga akiba ya dhahabu ya taifa.

Fedha hizo huingia serikali kuu. Halmashauri ya wilaya hupata zaidi kutoka chanzo kingine, ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Katika mikataba ya migodi ya kwanza mikubwa malipo kwa halmashauri yaliwekewa kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka, jambo lililozua malalamiko ya muda mrefu mpaka lilipobadilishwa. Mgodi unaouza wakia 32,000 kwa bei ya dola 2,000 una mauzo ya dola milioni 64, na asilimia 0.3 yake ni dola 192,000. Bei ikiwa dola 4,000 kiasi hicho ni maradufu. Kwa halmashauri changa kama Ikungi, iliyotokana na kugawanywa kwa wilaya ya zamani ya Singida, ni fedha za kuonekana: madarasa, zahanati, visima. Zaidi ya hayo, sheria inamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii inayomzunguka na kuupitisha kwa halmashauri.

Tatizo la mapato haya ni kwamba yanaisha pamoja na mgodi. Halmashauri inayoajiri na kujenga kwa kutegemea ushuru wa mgodi hujikuta na majengo bila fedha za kuyaendesha. Ajira nazo ziko hivyo. Mgodi wa kisasa huajiri watu wachache kwa kila tani kuliko maduara ya wachimbaji wadogo, na wengi wa mafundi wake huhama kwenda mgodi mwingine siku kazi inapokwisha. Anayebaki ni mwenyeji aliyepewa fidia ya shamba lake na ambaye watoto wake watahitaji shamba jingine.

Migodi iliyofungwa

Tanzania imekwisha kuona migodi kadhaa ya kisasa ikifikia mwisho, na kila mmoja ulimalizika kwa njia yake. Golden Pride, Nzega, jirani kabisa na Singida, ulikuwa wa kwanza kufunguliwa katika kipindi cha migodi mikubwa. Ulianza kutoa dhahabu mwaka 1998, ukatoa zaidi ya wakia milioni 2, na ukasimama baada ya miaka kama kumi na tano. Eneo lake na majengo yake vilikabidhiwa kwa serikali kwa ajili ya Chuo cha Madini, ili wanafunzi wajifunzie pale pale palipochimbwa. Tulawaka, Biharamulo, uliofanya kazi kati ya 2005 na 2013, ulichukuliwa na STAMICO na kuendelezwa kama mgodi wa serikali. Buzwagi, Kahama, uliofunguliwa mwaka 2009 na kumaliza kuchenjua mwaka 2021, eneo lake limetengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi ili umeme, maji, barabara na uwanja wa ndege vilivyojengwa kwa ajili ya mgodi vitumiwe na viwanda.

Mifano hiyo mitatu inafanana katika jambo moja: kilichookolewa ni miundombinu iliyokuwa juu ya ardhi. Shimo lenyewe halifukiwi, kwa sababu kurudisha mamilioni ya tani za mwamba ndani yake kungegharimu karibu sawa na kuzitoa. Kwa kawaida huzungushiwa tuta la mawe ili watu na mifugo wasitumbukie, na huachwa lijae maji polepole. Maji hayo yanaweza kuwa na asidi na metali nzito ikiwa mwamba una madini ya salfa, kwa hiyo yanahitaji kupimwa kwa miaka mingi. Marundo ya mawe matupu hupunguzwa mwinuko, hufunikwa kwa udongo uliohifadhiwa na kupandwa majani na miti. Bwawa la tope hukaushwa, hufunikwa na kukaguliwa. Ili kazi hiyo isiachiwe walipakodi, sheria inamtaka mwenye leseni aandae mpango wa kufunga mgodi mapema na aweke dhamana ya fedha ya kurekebisha mazingira.

Sekenke haikupata lolote kati ya hayo, na matokeo yake yanaonekana hadi leo: maduara yaliyochimbwa juu ya mahandaki ya kale ambayo ramani zake wachimbaji hawana, ardhi inayoweza kutitia wakati wa masika, na udongo uliobeba zebaki ya vizazi kadhaa. Lakini historia yake inaonyesha pia kwamba kampuni ikiondoka dhahabu haiishi. Mbale iliyo chini ya kiwango cha faida kwa mgodi mkubwa bado ni riziki kwa kikundi chenye karasha moja na pampu ya maji. Ni jambo la kutarajiwa kwamba siku shimo la Ikungi litakaposimama, wachimbaji wadogo wataliendea.

Maandalizi ya siku hiyo yana sehemu zake. Takwimu za kijiolojia zilizokusanywa na kampuni hukabidhiwa serikalini kwa mujibu wa sheria, na zinaweza kuwaonyesha wachimbaji wadogo mahali salama pa kuchimba na mahali pa kuepuka. Maeneo yatakayobaki nje ya leseni ya mgodi yanaweza kupimwa na kugawiwa kwa vikundi mapema badala ya kusubiri uvamizi. Laini ya umeme, visima na mabwawa ya maji yanaweza kupangwa tangu sasa ili yawafae wakulima wa alizeti na wafugaji wa Ikungi baadaye. Ushuru wa huduma unaweza kutengwa kwa ajili ya vitu vinavyodumu, kama shule ya ufundi na skimu ya umwagiliaji, kuliko kulipia matumizi ya kila mwaka. Yote hayo yanawezekana wakati mgodi ukiwa bado unazalisha, kwa kuwa hapo ndipo halmashauri, serikali na kampuni zina fedha na sababu ya kukaa meza moja.